Namba Ambazo Hakuna Aliyezituma

Kigeuzi cha kasi cha masafa ya redio ni kipande cha silikoni kinachopokea mfululizo wa namba na kutoa umeme unaopanda na kushuka mabilioni ya mara kwa sekunde. Vipande vya jamii hii vimo katika redio za minara ya simu, katika rada na katika vyombo vya maabara. Machi 2021, Safaricom ilipoanza kujaribu mtandao wa 5G nchini Kenya, Kisii ulikuwa mmoja wa miji minne ya mwanzo, pamoja na Nairobi, Kisumu na Kakamega. Gesima, wadi ya eneo bunge la Kitutu Masaba katika kaunti ya Nyamira, haiko mbali na mji wa Kisii. Huko, kama kwingineko Gusii, mahubiri ya Sabato, misa ya Jumapili, taarifa za msiba na maombi ya usiku hufika kwa watu wengi kupitia busta, yaani mnara wa simu uliosimama kilimani. Swali linalozuka hapo ni la kale kuliko umeme: neno likishageuzwa namba, likahesabiwa upya njiani, kisha likarudishwa kuwa wimbi, je, bado ni neno la aliyelisema?

Ufafanuzi mmoja unahitajika mapema. Kinachopita katika kigeuzi cha mnara si sauti tupu ya mhubiri, bali ni wimbi lililobebeshwa biti za sauti yake. Sauti yenyewe hurudishwa na kigeuzi kingine, kidogo na cha taratibu, kilichomo ndani ya simu ya msikilizaji. Kanuni inayoviendesha vyote viwili ni moja. Kile cha mnarani kina faida kwa mwenye kufikiri: kasi yake imeyavuta maswali mpaka kikomo, na mhandisi anayekisanidi hulazimika kuyajibu kwa kuandika sifuri au moja mahali fulani.

Usanidi huanzia mlangoni. Mfano mzuri ni AD9164, kigeuzi cha kampuni ya Analog Devices chenye upana wa biti 16, ambacho hubadilisha kiwango cha umeme hadi mara bilioni 12 kwa sekunde. Kukilisha kwa kasi hiyo moja kwa moja kungehitaji biti bilioni 192 kila sekunde. Mlango wake, uliojengwa kwa utaratibu uitwao JESD204B, una njia nane, kila moja ikipitisha biti bilioni 12.5, jumla bilioni 100. Sehemu moja ya tano ya hizo huliwa na usimbaji unaolinda usafiri, kwa kuwa kila biti nane hupakiwa katika kumi. Zinazobaki ni bilioni 80, yaani sampuli bilioni 5 za biti 16. Pengo kati ya kinachoingia na kinachotoka halizibiki kwa waya zaidi. Linazibwa kwa hesabu: vichujio vya ndani huchukua sampuli zilizoingia na kuzalisha nyingine za kukaa kati yake. Kigeuzi hicho huweza kusanidiwa kuongeza sampuli mara 2, 3, 4, 6, 8, 12, 16 au 24. Mhandisi akichagua 24, kwa kila sampuli moja iliyotumwa zinatoka 24. Nyingi mno kati ya namba zinazofika kwenye antena hakuna aliyezituma.

Hapo ndipo mwenye shaka anaposimama. Shahidi aliyeona tukio moja kati ya 24 na kuyasimulia yote angefukuzwa mahakamani. Lakini kichujio hakifanyi kazi ya shahidi wa namna hiyo, na sababu yake imo katika nadharia ya sampuli, iliyofikiwa kwa nyakati tofauti na E. T. Whittaker mwaka 1915, Vladimir Kotelnikov mwaka 1933 na Claude Shannon, aliyeichapisha kwa sura yake mashuhuri mwaka 1949. Nadharia inasema hivi: wimbi likiwa halina ndani yake mtikisiko wowote wa kasi kupita kikomo fulani, na likapimwa zaidi ya mara mbili ya kikomo hicho kwa sekunde, basi kuna mchirizi mmoja tu unaoweza kupita katika vipimo vyote. Hakuna wa pili. Namba za kati kwa hiyo si makisio, wala si wastani wa jirani zake. Zilikuwa zimeshaamuliwa na zile zilizotumwa hata kabla ya mtu yeyote kuzihesabu, kama vile urefu wa upande wa tatu wa pembetatu unavyokuwa umeamuliwa na pande mbili na pembe iliyo kati yake.

Kila kitu basi kinasimama juu ya sharti. Mtumaji ameahidi kutovuka kikomo, na uaminifu wa ahadi hiyo ndio unaompa mpokeaji haki ya kujaza nafasi. Katika maisha ya kawaida watu hudhani kwamba ukweli wa ujumbe unalindwa kwa kuongeza ushahidi, kwamba vipimo vingi zaidi ni bora kuliko vichache. Nadharia hii inaelekeza kwingine: ukimya wote kati ya vipimo viwili unasomeka kikamilifu ikiwa anayenyamaza anajulikana mipaka yake. Asiye na mipaka hasomeki hata akipimwa mara bilioni.

Sharti lenyewe lina jambo la kushangaza ambalo vitabu vya uhandisi hulipita kwa sentensi moja. Kihisabati, wimbi lenye mwanzo na mwisho haliwezi kuwa na kikomo kamili cha masafa. Linalotimiza sharti kwa ukamilifu ni lile lisiloanza na lisilokoma. Kila mahubiri, kila wimbo, kila kilio cha mtoto kina mwanzo na mwisho, na kwa hiyo kila kimoja kinavunja ahadi, japo kwa kiasi kidogo. Mwanateolojia angetambua mara moja umbo la hoja hii: ukamilifu unaotajwa na kanuni ni wa kitu cha milele, na viumbe vya wakati huushiriki kwa kukadiria tu. Mhandisi hasemi hivyo. Husema kwamba kichujio chake kinapunguza mabaki kwa desibeli 80, yaani hadi sehemu 1 ya 10,000 ya kimo cha wimbi, na kwamba atatumia asilimia 80 au 90 tu ya upana aliopewa ili vichujio vipate nafasi ya kuteremka. Amekubali dosari, akaipima, akaiweka chini ya kelele ambayo ingekuwepo hata bila yeye. Ni vigumu kusema kwamba amekosea.

Swali la pili linahusu wakati. Aristotle, katika kitabu cha sita cha Fizikia, alikataa kwamba mstari umeundwa kwa nukta au wakati kwa vitambo visivyogawanyika, kwa kuwa nukta mbili haziwezi kugusana bila kuwa moja. Karne nyingi baadaye wanateolojia wa madhehebu ya Kiislamu ya Ash'ari, akiwemo al-Baqillani aliyefariki 1013, walichukua upande wa pili: ulimwengu ni vijipande na vitambo, sifa za vitu hazidumu kupita kitambo kimoja, na Mungu huziumba upya kila mara. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, alitumia msimamo wa jirani na huo kudai kwamba moto hauchomi pamba kwa nguvu zake. Kuungua hutokea karibu na moto kwa sababu Mungu ameweka desturi hiyo.

Kiini cha kigeuzi kinaonekana kuwa cha Ash'ari mtupu. Saa inapiga, kiwango kipya cha umeme kinawekwa, kinashikiliwa bila kusogea mpaka saa ipige tena. Kitambo kimoja hakikisukumi kinachofuata. Namba ya pili inatoka kwenye njia ya ishara, haitoki kwenye ile ya kwanza. Saa ikisita hata kidogo, tuseme ikapiga mapema kwa sehemu ndogo ya trilioni ya sekunde, wimbi linachafuka, na ndiyo maana mhandisi huitunza saa kuliko kitu kingine chochote. Hata hivyo ngazi hizo zikipita kwenye kichujio cha analojia baada ya kigeuzi, kinachotoka ni mchirizi laini wa Aristotle, usio na alama ya vipande. Anayesikiliza hana namna ya kujua kama alichosikia kilitoka kwenye vipande au kwenye mtiririko. Katika kiwango hiki mabishano ya pande mbili hayaamuliki kwa kusikiliza, na huenda hilo ndilo jibu lenye manufaa zaidi ambalo chombo hiki kinatoa: mtiririko na vipande vinaweza kuwa maelezo mawili ya jambo moja, mradi sharti la kikomo litunzwe.

Vichujio vya ndani vinaongeza neno katika mjadala huo. Kichujio hakiwezi kuhesabu sampuli ya kati bila kuziona sampuli za baada yake, hivyo husubiri. Kila namba inayotoka imefumwa kwa namba zilizopita na namba ambazo, kwa upande wa namba hiyo, bado ni za baadaye. Ucheleweshaji huu mhandisi huuhesabu kwa mapigo ya saa na hauwezi kuondolewa. Kichujio kikali zaidi husubiri zaidi. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza sasa kuwa kipindi chenye unene, kinachomeza yaliyotokea juzi na yanayokaribia kutokea, wala si ncha kali kati ya jana na kesho. Wanafalsafa wengi wa Kiafrika walimpinga, hasa dai lake kwamba fikra za jadi hazikuwa na mustakabali wa mbali, na upinzani wao una uzito. Lakini kuhusu unene wa sasa, kichujio kinakubaliana naye bila kujua: hakuna tendo la maana linaloweza kufanyika kwa kitambo kimoja kikiwa peke yake.

Sehemu tajiri kuliko zote katika usanidi, na yenye utata mkubwa wa kifalsafa, ni ile ya taswira. Kigeuzi kinachofanya kazi kwa mapigo bilioni 6 kwa sekunde kikipewa namba za wimbi la gigahezi 2, hakitoi wimbi hilo peke yake. Kinatoa pia la gigahezi 4, la 8, la 10, na kuendelea juu bila mwisho, kila moja likipungua nguvu. Wahandisi huyaita taswira, na huzigawa kanda zake kwa jina la Harry Nyquist: ya kwanza kutoka sifuri hadi gigahezi 3, ya pili kutoka 3 hadi 6, na kadhalika. Katika kanda ya pili mpangilio umegeuzwa: masafa yaliyokuwa ya juu yanakuwa ya chini, kama vile kulia kunavyokuwa kushoto kiooni.

Ni rahisi kusema kwamba gigahezi 2 ndilo wimbi la kweli na mengine ni vivuli. Namba zenyewe hazisemi hivyo. Mfululizo uleule wa namba ungepatikana kwa kupima wimbi la gigahezi 4 kwa kasi hiyohiyo. Hakuna ndani yake alama inayotaja lipi lilikusudiwa. Kinachotofautisha ni umbo la mshiko wa kila pigo. Mshiko wa kawaida unalipa wimbi la gigahezi 2 asilimia 83 ya kimo chake na lile la gigahezi 4 asilimia 41, nusu kamili. Lakini kigeuzi kina hali nyingine, ambapo katikati ya kila pigo kiwango hugeuzwa kuwa kinyume chake. Katika hali hiyo gigahezi 4 hupata asilimia 72 na gigahezi 2 hushuka hadi 48. Mhandisi anayetaka kurusha mawimbi ya gigahezi 4 bila kununua kigeuzi chenye kasi zaidi hubadilisha mpangilio huu mmoja, huupindua mfuatano wa masafa ili kioo kisilete matata, huweka kichujio cha analojia kinachopitisha kanda ya pili, na kivuli kinakuwa mwenye nyumba.

Plato alifundisha kwamba kivuli kinategemea kitu na kitu hakitegemei kivuli. Hapa utegemezi huo haupo. Asili na taswira zinazaliwa pamoja kutoka kwa namba zilezile, na cheo cha asili kinatolewa na anayechagua kichujio. Hilo halimaanishi kwamba kila kitu ni uchaguzi. Mhandisi hawezi kuchagua gigahezi 5 kwa namba za gigahezi 2. Orodha ya yanayowezekana imefungwa na hesabu. Maana, kwa upande huu, ina sehemu mbili: namba zinaweka uwanja wa yanayoweza kumaanishwa, na makubaliano kati ya mtumaji na mpokeaji yanachagua moja. Kukosa kuitenga sehemu ya kwanza na ya pili ndiko kunakowafanya wengine wadhani kwamba maandiko au ishara zina maana moja tu iliyo wazi yenyewe, na wengine wadhani kwamba zina maana yoyote msomaji atakayo.

Msikilizaji naye si ndoo inayojazwa. Obokano, zeze kubwa la nyuzi nane la Abagusii, lina sauti nzito kiasi kwamba spika ndogo ya simu haiwezi kuutoa mtikisiko wa msingi wa nyuzi zake za chini. Hata hivyo anayelijua hulisikia katika kimo chake halisi, kwa sababu sikio huusoma mtikisiko wa msingi kutoka kwa ule wa juu uliobaki. Namba ambazo hazikutumwa zinaendelea kuzalishwa hata baada ya mashine ya mwisho kumaliza kazi.

Dini zilikutana na swali hili mapema, na majibu yake yamekuwa makini kuliko inavyodhaniwa. Fiqhi ya Kihanafi ya zamani ilikuwa imeshaamua kwamba anayesikia aya ya sijda kutoka kwa mwangwi au kwa ndege aliyefundishwa kutamka halazimiki kusujudu, ingawa maneno ni yaleyale, kwa kuwa kisomo kinamhitaji msomaji. Sahani za santuri na redio zilipokuja, wanazuoni walikuwa na mlango wa kuanzia. Wengi wa wanazuoni wa madhehebu mbalimbali pia hawakubali swala ya jamaa ya mtu aliye nyumbani akimfuata imamu wa redioni, hata kama kila neno linafika bila dosari. Kanisa Katoliki liligawa jambo kwa namna inayokaribiana na hiyo. Radio Vatikani ilizinduliwa Februari 1931 na Papa Pius XI pamoja na Guglielmo Marconi. Tangu 1939 rehema kamili inayoambatana na baraka ya Papa iitwayo Urbi et Orbi huweza kupokewa kwa redio, na tangu 1985 kwa televisheni. Lakini kitubio kwa simu hakikubaliki, na hati ya Vatikani ya 2002 kuhusu intaneti ilisema wazi kwamba hakuna sakramenti mtandaoni.

Kwa Waadventista Wasabato, ambao ni wengi katika nyanda za Gusii tangu misheni ya Nyanchwa ya mwanzoni mwa karne ya 20, mgawanyo huo unaonekana katika Meza ya Bwana, inayotanguliwa na huduma ya unyenyekevu ambapo waumini huoshana miguu. Serikali ya Kenya iliposimamisha ibada za pamoja kuanzia Machi hadi Julai 2020 kwa sababu ya korona, mahubiri yaliweza kuhamia kwenye redio na simu. Beseni la maji halikuweza. Jadi ya Abagusii ina mfano wake katika emuma, kiapo ambacho adhabu yake iliaminiwa kumfuata aliyeapa kwa uongo. Kinamhusu mtu huyo, na ripoti ya maneno yake, hata iwe sahihi namna gani, si kiapo.

Ukiyaweka majibu haya pamoja, yanatofautisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Moja ni kauli: habari, fundisho, tangazo, hata baraka inayotamkwa kwa wote. Kauli huhifadhiwa na njia ya ishara bila hasara ya maana, na namba zilizozalishwa njiani ni zake kwa haki, kwa kuwa zilikuwa zimeamuliwa na alichosema msemaji. La pili ni tendo linalomhitaji mtendaji na mtendewa mahali pamoja. Hilo kigeuzi hakilipotezi, kwa sababu halikuwahi kuingia mlangoni. Hakuna sampuli yake. Wanaolaumu mashine kwa kuua uwepo wanailaumu kwa kitu ambacho haikupewa, na wanaoahidi kwamba kasi zaidi itauleta uwepo wanaahidi kuzidisha sifuri.

Inabaki hali moja ya usanidi inayovuruga mgawanyo huu. Ndani ya AD9164 kuna oseleta ya kihesabu yenye biti 48, ambayo kazi yake ya kawaida ni kulipandisha wimbi lililotumwa hadi kwenye masafa yanayotakiwa. Usahihi wake ni mkubwa kupita kiasi: kwa mapigo bilioni 6 kwa sekunde, mawimbi mawili yaliyowekwa kwenye hatua mbili zinazofuatana yangetofautiana mzunguko mmoja tu baada ya saa 13. Oseleta hiyo huweza kusanidiwa ifanye kazi peke yake, mlango wa kuingizia namba ukiwa umefungwa. Hapo antena inatoa wimbi safi kabisa, na hakuna sampuli hata moja iliyotoka kwa mtu. Tofauti ya wimbi hilo na la mtumaji haiko katika ubora, kwani mara nyingi la oseleta ni bora zaidi. Programu zinazotunga sauti ya mtu aliyekufa, au ya mchungaji ambaye hakuwahi kusema maneno hayo, ziko katika hali hii, wala si katika hali ya mwangwi. Mwangwi una msemaji aliyetangulia, na nafasi zilizojazwa na kichujio zina ahadi ya mtumaji nyuma yake. Mlango ukiwa umefungwa hakuna ahadi iliyotolewa, na kwa hiyo hakuna wa kuulizwa kama ameitimiza, ila aliyeusanidi mtambo.